ULIZA FUNDI: Deki gani ninunue na kila mtu ana lake?

Fundi, habari za kazi. Mi nipo Tanga, nakaa na mzee wangu ambae amestaafu, siku hizi muda mwingi yupo nyumbani na burudani yake ni deki. Sasa deki yenyewe imekufa, fundi wa hapa mtaani kasema lenzi imechoka na ya kubadilishia hapati. Mzee ana sanduku zima la diski, taarab, mawaidha, za Kihindi, filamu za kibongo za enzi za Kanumba, na humo humo kuna video ya harusi yangu ya 2007, ipo kwenye diski mbili. Kaka yangu yupo London anasema achana na DVD, nunua Blu-ray maana inacheza zote. Kariakoo wananiambia DVD ya kawaida inatosha. Nikaingia mtandaoni kusoma maoni ya wateja ndo nikachanganyikiwa kabisa, deki hiyohiyo mmoja kaipa nyota tano, mwingine anasema haikumaliza wiki mbili, mwingine anasema haisomi diski. Nimfate nani?
*Binti wa mzee, Tanga*

Jibu: Dada yangu, usimfate yeyote kwanza. Lifungue sanduku la mzee, kaeni chini mgawanye diski mafungu mafungu, maana jibu lako lipo humo. Deki inachaguliwa na diski zilizomo ndani ya nyumba, na hao wanaobishana mtandaoni wengi wanabishana kwa sababu kila mmoja ana sanduku tofauti na la mwenzie.

Fungu la kwanza ni VCD. Filamu za kibongo za miaka ile nyingi zilitoka kwa VCD, utazijua haraka kwa sababu filamu moja ina diski mbili. VCD ni CD ileile ya muziki ila imewekewa video ndani, ilianza 1993, na diski moja inabeba kama dakika 74 hivi, kwahiyo filamu ya saa moja na nusu lazima ikatwe katikati. Harusi yako ya diski mbili nayo inaweza kuwa VCD, angalia kwenye diski au kava kama kuna nembo ya Compact Disc yenye maneno Digital Video. Fungu la pili ni DVD, hizi zina nembo ya DVD na zinabeba GB 4.7, za tabaka mbili GB 8.5. Fungu la tatu ni zile za kuchoma, zilizochomwa studio au na kijana wa kompyuta, ukizigeuza tumbo lake ni la zambarau au bluu au kijanikijani badala ya fedha tupu, hizo ziweke pembeni kabisa maana ndo zinazosumbua deki kuliko zote. Na za kaka yako kama kashawahi kukuletea, kava la bluu ni Blu-ray, kava jeusi lenye maandishi 4K Ultra HD ni kitu kingine tena, Blu-ray ya kawaida haiwezi kuicheza.

Ukimaliza hapo niambie fungu gani kubwa. Kwa ulivyoelezea, taarab na Kanumba na mawaidha, mi nahisi VCD na za kuchoma ndo zitajaa meza.

Sasa hapo ndipo kaka yako anapokosea, ingawa najua anakutakia mema. Kila aina ya diski inasomwa na mwanga wake, CD na VCD ni leza ya nanomita 780, DVD ni 650, Blu-ray ni 405, ile ya bluu-zambarau ndo maana ikaitwa hivyo. Deki ya Blu-ray inakuwa na mianga yote mitatu kwahiyo ni kweli jicho lake linaiona VCD. Lakini kuiona ni jambo moja na kuicheza ni jambo lingine, ile video ya ndani inatakiwa deki iwe imewekewa uwezo wa kuifungua, na deki nyingi za Blu-ray hazijawekewa huo uwezo kwa sababu kule wanakouza sana, Ulaya na Marekani, VCD haikuwahi kushika soko. Kwahiyo unaweza ukalipa hela nyingi, mzee akaweka taarab yake, deki ikaitema. Njia ya kujua bila kubahatisha ni moja, kila kampuni kubwa inaweka kitabu cha maelekezo kwenye tovuti yake, kipakue, tafuta ukurasa wa diski zinazochezeka, kama neno VCD au Video CD halipo basi hesabu haichezi, hata muuzaji aape.

Kuhusu maandishi ya 1080p kwenye boksi la deki ya DVD, yasikuongezee bei. VCD ina picha ya nukta 352 kwa 288, DVD ni 720 kwa 576, Blu-ray ni 1920 kwa 1080, yaani Blu-ray ina nukta mara tano ya DVD na mara ishirini ya VCD. Deki ya DVD yenye 1080p inachukua zile nukta chache inazitandaza zijaze tivi, haileti sura mpya ambayo kamera haikuichukua. Kwenye tivi ya inchi 32 VCD inatazamika vizuri tu, kwenye inchi 55 itakuwa na ukungu kwa deki yoyote ile duniani. Nimeona watu wanarudisha deki nzima dukani kwa ajili hiyo, na wanaenda kuandika kabisa kwamba deki ni mbovu.

Na hapo tunaingia kwenye hayo maoni. Mi huwa naanza na nyota moja, nasoma mtu aliweka diski gani. Mtu wa Marekani analalamika deki haisomi diski aliyoinunua Uingereza, hilo ni suala la rijini, yaani diski na deki kufungwa kwa eneo la dunia zinakouzwa, deki haina kosa. Mwingine anasema haichezi filamu kwenye flashi, kumbe flashi yake imefomatiwa NTFS, mpangilio ambao deki nyingi hazisomi. Mwingine kalalamika haina Netflix. Hayo yote wewe hayakuhusu, yaruke. Ila ukikuta watu wengi ambao hawajuani wanalalamikia kitu kilekile, mlango wa diski unagoma kutoka, au inaganda kila ikikaa saa moja ikipata joto, au rimoti inakufa, hayo yapime maana ni ugonjwa wa mashine. Nyota tano zilizoandikwa siku ya kufungua boksi zinakuambia boksi lilikuwa zuri, tafuta alieandika baada ya miezi. Na kwa hizi deki za bei ndogo kuna jambo ambalo watu hawalijui, jina na namba ya modeli inaweza kubaki ileile na ndani wakabadilisha vifaa, kwahiyo sifa za deki ya mwaka juzi sio lazima ziwe za hii uliyoishika leo.

Ndo maana mi nakusisitiza, nenda dukani na diski zako. Chukua VCD ya kuchoma ya zamani kuliko zote, DVD yenye mikwaruzo, na flashi. Mwambie muuzaji akuwekee, akikataa hama duka, Kariakoo maduka hayaishi. Usitosheke na dakika mbili za mwanzo, diski inasomwa kutoka ndani kwenda nje, kwahiyo mwanzo wa filamu upo karibu na tundu la katikati ambapo deki nyingi zinasoma bila shida, shida inajitokeza ukingoni. Bonyeza uruke mpaka mwishomwisho wa filamu, ikae hapo dakika kadhaa, sikiliza kama inakwaruza, angalia kama picha inakatika vipande. Deki inayosoma ukingo wa VCD ya kuchoma yenye umri huo ina lenzi nzuri, hata kama jina lake hulijui.

Angalia na nyuma yake. Kama tivi yenu ni ya chogo mnahitaji tundu tatu za AV, njano nyekundu nyeupe. Kama ni flati mpya mnahitaji HDMI, maana tivi mpya nyingi zile tundu tatu zimeondolewa au zimebanwa kwenye kitundu kimoja kidogo kinachotaka waya wake maalum. Mi ningechukua yenye zote mbili, tivi hubadilika. Ukiwasha kwenye ya chogo ukaona picha haina rangi usipanike, ingia kwenye mipangilio utafute PAL na NTSC, hiyo ni mifumo miwili ya rangi za tivi, weka PAL au otomatiki, rangi inarudi.

Kwahiyo kwa nyumba yenu mi nasema deki ya DVD yenye VCD imeandikwa wazi kwenye boksi, HDMI na AV na USB, yenye waranti ya maandishi. Blu-ray iache mpaka siku mtakapokuwa na diski za Blu-ray za kutosha na tivi kubwa.

Halafu harusi yako, dada, hii hujaniuliza lakini siwezi kuiacha. Diski ya kuchoma inatunza picha kwenye rangi maalum iliyopakwa ndani, na ile rangi inachakaa hata ikikaa kabatini, joto na jua vinaiharakisha. Na kwenye CD na VCD tabaka la data lipo juu kabisa, chini tu ya lebo, kwahiyo upande wa lebo ndo dhaifu kuliko upande wa chini unaong'aa ambao kila mtu anauogopa. Ukiandika kwa peni yenye ncha ngumu juu ya lebo, au ukabandua stika iliyoganda, unaweza kung'oa data yenyewe na hapo hakuna fundi atakaekusaidia. DVD data yake ipo katikati ya plastiki mbili kwahiyo hilo haliisumbui sana. Tafuta mtu mwenye kompyuta yenye sehemu ya diski, au ile drive ya nje ya kuchomeka USB. Kama ni VCD utakuta folda inaitwa MPEGAV na ndani yake faili la DAT, AVSEQ01 au jina linalofanana na hilo, lile ndo harusi yako, likopi. Kama ni DVD folda ni VIDEO_TS na ndani kuna mafaili ya VOB, hayazidi GB 1 kila moja, kopi folda zima usichague. VLC, programu ya kompyuta ya kuchezea video, inayafungua yote hayo. Weka kwenye flashi moja na kwenye kompyuta ya mtu mwingine mnaeaminiana. Fanya hivyo kabla hata ya kwenda Kariakoo.

Habari Fundi. Niko Nairobi, nimenunua TV ya Samsung ya inchi 65 na nataka kuanza kukusanya filamu za diski za 4K, nimechoka na filamu kutolewa kwenye intaneti bila taarifa. Nina PS5 ya diski. Rivyu moja inasema PS5 yatosha, nyingine inasema lazima ununue player kamili sababu PS5 haina Dolby Vision. Pia nasikia kampuni zinaacha kuzitengeneza. Nifanyeje?
*Mpenda sinema, Nairobi*

Jibu: Ndugu yangu, hiyo rivyu ya Dolby Vision imesema kweli lakini haikuandikiwa wewe. PS5, ile mashine ya gemu, kweli haitoi Dolby Vision kwenye diski, ambayo ni aina mojawapo ya HDR, teknolojia ya kuipa picha mwanga na rangi zaidi. Ila TV za Samsung nazo hazina Dolby Vision, wao wamejikita kwenye HDR10+, aina nyingine ya HDR inayoshindana nayo, kwahiyo hata ukinunua player ya gharama gani hiyo Dolby Vision haitaonekana kwenye TV yako. Diski za 4K zenye HDR zote zina HDR10 ya kawaida kama msingi, na PS5 inaitoa vizuri. Anza nayo. Nunua diski kwanza, pesa yako iende kwenye filamu.

Sababu za kweli za kutafuta player ya peke yake ni nyingine. PS5 haichezi CD za muziki kabisa, jambo ambalo wengi wanaligundua baada ya kununua. VCD pia haichezi. Na feni yake inasikika kwenye filamu tulivu, na watoto wakitaka gemu wewe sinema yako imekwisha. Ukifika hapo, Panasonic DP-UB820 ina HDR10+ na Dolby Vision zote, kwahiyo inaifaa TV uliyonayo na hata ukija kuibadilisha. Sony UBP-X700 ina Dolby Vision bila HDR10+, na Dolby Vision yake unaiwasha na kuizima mwenyewe kwenye mipangilio, rivyu nyingi zinailaumu kwa hilo na nyingine hazigusii kabisa kwa sababu mwandishi wake TV yake haihusiki. Lakini Sony hiyo inacheza SACD, zile diski za muziki za ubora wa juu, Panasonic hiyo haichezi. Umeona, mashine mbili nzuri na kila moja ina watu wake.

Kuhusu kampuni kuondoka, hiyo ni kweli na mi inaniuma. Oppo waliosifiwa kuliko wote waliacha 2018, Samsung 2019, LG 2024. Sony na Panasonic ndo wameshikilia soko. Kwahiyo ukiamua kununua nunua mpya yenye waranti, usisubiri miaka ukitegemea zitashuka bei.

Rijini: diski za 4K hazifungwi kwa eneo, agiza popote. Blu-ray ya kawaida inafungwa, Kenya ipo B pamoja na Uingereza, Marekani ni A, na ndani ya boksi la 4K mara nyingi kunakuwa na diski ya Blu-ray ya kawaida pia, hiyo ndo inaweza kugoma ukiagiza Marekani. DVD zina mgawanyo wake, Kenya ni 5, Uingereza ni 2.

Assalaam alaykum Fundi. Nipo Muscat, nimenunua deki hapa, diski nilizochomewa nyumbani Unguja zinacheza ila DVD orijino za Kihindi nilizotoka nazo huko zinakataa, inaandika habari za rijini. Nimeuziwa mbovu?
*Msomaji, Muscat*

Jibu: Waalaykum salaam. Si mbovu. Oman ipo rijini 2, Tanzania na India zipo 5, na deki uliyouziwa imefungwa kwenye 2. Diski za kuchomwa mtaani huwa hazina namba ya eneo ndo maana zinapita. Rudi kwa alokuuzia umuulize kama modeli hiyo inafunguliwa kwa rimoti, nyingi zina menyu ya siri na kila modeli ina yake, usijaribu namba za modeli nyingine. Ikishindikana ibadilishe uchukue iliyoandikwa inacheza rijini zote. Na tafadhali usikimbilie kubadilisha rijini kwenye drive ya laptopu yako, drive inaruhusu kubadilisha mara 5 tu, baada ya hapo inabaki ilipoishia.

Fundi, deki yangu mpya ina USB. Kijana ananiwekea filamu kwenye flashi, nyingine zinacheza, nyingine picha ipo sauti hakuna, nyingine hata hazionekani. Nimesoma maoni wanasema deki hii ni takataka.
*Mwanza*

Jibu: Deki za DVD nyingi kwenye USB zinaelewa video za kizamani za AVI, zile za DivX na Xvid. Filamu za siku hizi nyingi ni H.264 au H.265 ndani ya MP4 na MKV, kwahiyo deki inaruka au inaonyesha jina tu. Picha bila sauti mara nyingi sauti ya filamu imewekwa kwa mfumo wa DTS na deki haina uwezo wa kuufungua. Flashi nayo ifomatiwe FAT32, na FAT32 haipokei faili la kufika GB 4. Mwambie kijana akubadilishie ziwe AVI yenye sauti ya MP3. Ila kabla hujahangaika hivyo, ichomeke hiyo flashi kwenye tivi yenyewe kama ni flati, tivi nyingi zinafungua H.264 bila shida, deki ibaki na diski zake.

Kaka, kuna jamaa anauza deki ya mtumba ya Toshiba imeandikwa HD DVD, bei ya DVD ya kawaida. HD si ndo bora? Niichukue?
*Temeke*

Jibu: HD DVD ni fomati iliyoshindana na Blu-ray, zote zilitoka 2006. Diski yake ilibeba GB 15, au 30 kwa tabaka mbili, wakati Blu-ray 25 na 50, lakini kilichoiua hasa ni studio za filamu kuchagua upande. Januari 2008 Warner wakatangaza wanabaki na Blu-ray, na Februari hiyohiyo Toshiba wakaachia. Tangu hapo filamu mpya hazitoki kwa HD DVD, na Blu-ray haiwezi kuicheza hata kwa dawa. Kwahiyo hapo unanunua deki ya DVD tu, kubwa, nzito, inayochelewa kuwaka, yenye umri mkubwa na isiyo na spea. Kama bado unaitaka kwa sababu inacheza DVD vizuri, sawa, ila igeuze kwanza usome kibandiko cha umeme. Kikiwa 120V au 100V, yaani imetoka Marekani au Japani, ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230V inaungua hapohapo.